Aldus Manutius: Kibali chake kiliishia mpakani

MFANYABIASHARA anayepambana na bidhaa feki angeelewana haraka na Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, Italia, aliyefariki mwaka 1515.

Manutius hakuanza na biashara. Alikuwa mwalimu wa Kigiriki na Kilatini, na alipohamia Venice miaka ya 1490 umri wake ulikuwa karibu 40. Mtaji ulitoka kwa wenzake: mchapaji Andrea Torresani, ambaye baadaye alikuwa baba mkwe wake, na Pierfrancesco Barbarigo, wa ukoo wa watawala wa mji huo.

Wakati ule kitabu cha msomi kilikuwa mzigo. Kilikaa mezani na msomaji akakifuata. Mwaka 1501 Manutius alitoa mashairi ya Virgil katika umbo dogo: karatasi kubwa moja ilikunjwa mara tatu ikatoa kurasa 16. Vitabu vidogo vya sala vilikuwapo tayari. Jipya lilikuwa kuwapa wasomi vitabu vyao kwa kipimo hicho, bila maelezo marefu pembeni. Francesco Griffo alimchongea herufi zilizolala upande, mfano wa mwandiko wa mkono. Sasa msomaji angeweza kusafiri na kitabu chake.

Soko lilipokea, na waigaji pia. Mwaka 1502 Serikali ya Venice ilimpa haki ya pekee ya kutumia herufi hizo kwa miaka 10. Lakini haki hiyo haikuwa na nguvu Lyon, Ufaransa, ambako wachapaji walinakili umbo, herufi na maandishi, wakaacha tu jina na mahali pa kuchapwa.

Machi 1503 Manutius alitoa tangazo la kuwaonya wanunuzi. Alieleza kuwa karatasi ya Lyon ilikuwa duni na yenye harufu mbaya, kisha akaorodhesha makosa ya nakala hizo, kitabu kwa kitabu. Ilikuwa kama kuwasahihishia kazi washindani wake bure. Watu wa Lyon walilisoma tangazo, wakarekebisha makosa, wakaendelea kuuza.

Alipofariki, vitabu vyake vilipangwa kuzunguka jeneza kanisani. Karakana ilibaki kwa familia. Nakala feki za Lyon nazo leo hutafutwa na wakusanyaji wa vitabu, na orodha ile ya 1503 huwasaidia kuzitambua zile za mwanzo.