Sir David Bruce na Ugonjwa wa Malale

Wazee wetu wa kando ya ziwa walituachia hofu ya malale. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu ambavyo huingia katika damu, na hatimaye katika ubongo. Mgonjwa huanza kwa homa na kuumwa kichwa. Baadaye akili humchanganyikia, mchana husinzia hata akiwa anakula, usiku hapati usingizi, na asipotibiwa hufa. Kati ya mwaka 1900 na 1920 watu wapatao 250,000 walikufa upande wa Uganda. Huku kwetu Wajerumani walifungua kambi ya wagonjwa Kigarama, katika Kiziba. Nasi tulipokuwa darasani tuliwaambia watoto kwamba siri ya malale iligunduliwa na Bruce, tukafuta ubao, tukaendelea na somo jingine. Habari yenyewe ni ndefu kuliko hivyo.

David Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akakulia Stirling katika Uskochi. Aliacha shule akiwa na miaka 14 akafanye kazi katika ghala. Baadaye alirudi masomoni, akahitimu udaktari Edinburgh mwaka 1881. Mwaka 1883 alimwoa Mary Steele, na tangu hapo hawakuachana katika kazi. Bibi huyu alikata vipande vya kupimwa, alitazama katika hadubini, na alichora picha za vijidudu kwa mkono wake. Katika kisiwa cha Malta, mwaka 1887, Bruce aligundua kijidudu cha homa iliyowasumbua askari. Mwaka 1894 walihamia Ubombo, katika nchi ya Wazulu, wakakaa katika kibanda cha udongo wakichunguza nagana ya ng'ombe. Huko ndiko Bruce alikotambua kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wa ugonjwa.

Twende sasa Uganda. Malale ilitambuliwa huko mwaka 1901 na Daktari Albert Cook na ndugu yake Jack, wamisionari wa CMS katika hospitali ya Mengo. Mwishoni mwa 1902 kijana Mwitalia, Aldo Castellani, aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, lakini hakuvitilia maanani sana, kwa kuwa alidhani chanzo ni kingine. Bruce alipofika Entebbe Machi 1903 aliambiwa habari hiyo, na kwa kuwa alikuwa ameiona nagana, alielewa mara moja. Ubishi juu ya nani mgunduzi uliendelea miaka mingi. Kwa maoni yetu, aliyeona kwanza ni Castellani, na aliyejua kile kilichoonwa ni Bruce.

Tena ilibaki kumjua mchukuzi. Bruce alimwendea Katikiro Apolo Kagwa, Mkristo wa Kanisa letu, naye akawaagiza machifu. Machifu na wamisionari waligawiwa nyavu na visanduku, wakakusanya inzi wanaouma kutoka kila pembe, pamoja na habari za mahali wagonjwa walipo. Yalipatikana makusanyo 460. Yote yalipowekwa katika ramani, palipokuwa na malale palikuwa na mbung'o, ambaye Waganda humwita kivu. Na mbali na maji hapakuwa na mmoja wala mwingine. Majina ya watu wale waliozunguka vichakani na nyavu hatukuyakuta katika kitabu chochote cha shule.

Bruce naye alikosea mahali. Alidhani mbung'o hubeba kijidudu mdomoni tu, kama sindano chafu. Mwaka 1909 Mjerumani Kleine, akifanya kazi katika nchi yetu hii, alionyesha kwamba kijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o. Bruce, aliyekuwa amerudi Uganda, alijaribu mwenyewe akaona ni kweli, akakubali. Kutoka huko walikwenda Nyasaland, wakakaa hadi 1914.

Mary alifariki London tarehe 23 Novemba 1931. Siku nne baadaye, wakati ibada ya mazishi yake ikiendelea, mumewe naye akafariki. Majivu yao yamezikwa pamoja Stirling. Kabla ya kufa Bruce alikuwa ameomba kwamba yeyote atakayeandika habari za maisha yake aseme jinsi mkewe alivyomsaidia.