Sembène Ousmane: kutoka bandarini hadi kwenye kamera

Mwaka jana niliandika senario yangu ya kwanza, juu ya kijana wa Goma anayeishi kwa kusukuma chukudu. Niliiandika kwa Kifaransa, kama tulivyozoea kuandika kila kitu tunachokiona cha maana. Jioni moja nikamsomea mama. Alisikiliza kwa uvumilivu hadi mwisho, kisha akaniuliza yule kijana alikuwa anamjibu nini polisi. Ndiyo sehemu niliyojivunia kuliko zote. Niliificha senario ile, nikaanza kusoma maisha ya Sembène Ousmane ili nijue mtu wa sinema anaanzia wapi.

Alizaliwa mwaka wa 1923 huko Ziguinchor, kusini mwa Senegali. Baba yake alikuwa mvuvi. Shule hakuimaliza, maana alifukuzwa baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Uvuvi nao ulimshinda, kwani akiwa baharini alishikwa na kichefuchefu. Akaenda Dakar, akafanya uashi na umakanika. Mwaka wa 1944 aliingizwa katika jeshi la wakoloni. Vita vilipokwisha akavuka hadi Ufaransa, akawa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille.

Kazi ile ilimvunja mgongo, si kwa mfano tu bali kweli. Alipokuwa akipona alisoma sana, akitumia vitabu vya chama cha wafanyakazi alichojiunga nacho. Humo hakuwaona watu wake, au aliwaona kwa macho ya wengine. Akaamua kuandika mwenyewe. Mwaka wa 1956 alitoa Le Docker noir, na mwaka wa 1960 Les Bouts de bois de Dieu, juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar-Niger. Mpakuzi asiye na diploma alikuwa amekuwa mwandishi anayejulikana.

Angeweza kubaki hapo. Lakini Afrika ilipokuwa inapata uhuru alirudi, akasafiri nchi nyingi, akafika hata kwetu Kongo katika siku zile za Lumumba. Baadaye alisimulia kwamba wazo la sinema lilimjia akiwa safarini juu ya mto wetu. Alikuwa ameelewa jambo moja gumu: wale aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Wavuvi, makuli na mama wa sokoni hawakujua Kifaransa. Sinema, kwake, ingekuwa shule ya jioni kwa watu hao.

Hapo ndipo niliposhangaa. Alikuwa anakaribia miaka 40, ana jina, na akakubali kuwa mwanafunzi tena. Mwaka wa 1962 alikwenda Moscow, katika studio za Gorky, akajifunza kwa mwongozaji Mark Donskoy kwa muda wa kama mwaka mmoja. Aliporudi hakuanza na hadithi kubwa ya wafalme. Alitengeneza Borom Sarret, mwaka wa 1963, filamu ya dakika 20 hivi. Ni siku moja ya mtu wa mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Wateja hawamlipi, anampeleka mmoja katika mtaa wa matajiri ambako mikokoteni imekatazwa, polisi anamnyang'anya mkokoteni, anarudi nyumbani mikono mitupu. Nikamwona kijana wangu wa chukudu.

Ila hata mtu huyo wa mkokoteni anawaza kwa Kifaransa! Na Diouana, yaya wa La Noire de... ya mwaka wa 1966, anayekufa kwa upweke na uchungu katika nyumba ya mabwana zake huko Antibes, naye moyoni anazungumza Kifaransa. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya Jean Vigo, lakini tatizo lililomtoa Sembène katika vitabu lilikuwa limemfuata hadi katika sinema. Jambo hilo lilinipa nguvu: hata yeye hakuanza akiwa amekamilika.

Mwaka wa 1968 alilikabili katika Mandabi. Mzee Ibrahima Dieng anatumiwa hundi ya posta kutoka Paris, naye anashindwa kuchukua fedha kwa kukosa kitambulisho. Wote wanazungumza Kiwolof. Kwa kuwa fedha za Ufaransa zilikuwamo, ilibidi atengeneze pia toleo la Kifaransa. Alifanya kazi mara mbili ili lugha yake isikike mara moja. Venisi ilimpa tuzo maalumu ya majaji.

Baada ya hapo hakurudi nyuma. Mwaka wa 1971, pamoja na mwanaisimu Pathé Diagne, alianzisha Kaddu, gazeti la Kiwolof. Filamu yake Ceddo, ya mwaka wa 1977, ilizuiliwa na serikali ya Senghor kwa sababu iliyotajwa kuwa ni tahajia: sheria ilitaka d moja, naye akashikilia mbili. Sisi wa kitivo hiki tunaobishana juu ya herufi tunajua kwamba ugomvi kama huo mara nyingi huficha mwingine. Alifariki Dakar mwaka wa 2007.

Nimeitoa senario yangu nilikoificha. Naiandika upya kwa Kiswahili, na si kile cha kamusi bali kile cha barabarani kwetu. Polisi wangu anaanza kwa Lingala, kijana anamjibu kwa Kiswahili, na ugomvi wao sasa una maana ambayo Kifaransa changu kilikuwa kimeifuta. Kamera sina, wenzangu wawili wa mwaka wa pili wamekubali tutumie simu. Kabla ya kuanza kupiga picha, nitamsomea mama tena.