Mwuza Vitambaa Aliyechungulia Kinywa Chake

Wasomaji wenzangu, nyanya yangu wa Kajiado aling'oka meno ambayo hayakuwa na tundu hata moja. Sisi tukadhani ni uzee tu. Kumbe jibu lilianza kuonekana zamani, kwa jicho la Antonie van Leeuwenhoek.

Alizaliwa mjini Delft, Uholanzi, mwaka wa 1632. Babake, msusi wa vikapu, alifariki yeye akiwa bado mdogo. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa siku zile. Alifungua duka la vitambaa. Hata hivyo alipenda sana kusugua vioo vya lenzi, akaunda hadubini ndogo za kutoshea kiganjani.

Kila asubuhi alisugua meno kwa chumvi. Lakini siku moja alikwangua ukoga uliobaki katikati ya meno, akauchungulia. Lo! Vijidudu vilikuwa vikiogelea! Mwaka wa 1683 aliwaandikia wanasayansi wa London habari hiyo. Alichunguza pia ukoga wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno, akakuta vijidudu chungu nzima.

Kwamba vinaleta ugonjwa, hilo waligundua waliomfuata. Leo twajua ukoga ukiachwa, fizi huvimba na kutoka damu, mwishowe meno hulegea.

Leeuwenhoek aliaga dunia mwaka wa 1723, akiwa na miaka 90.

Wenzangu wa Kitengela, hadubini hatuna, lakini mswaki tunao. Ukiona damu, usinyamaze. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.