James McCune Smith: Mwanafunzi Aliyerudi Kwao

Ndugu zangu, kila nikipita kwenye jengo lenye jina lake hapa Chuo Kikuu cha Glasgow, namkumbuka Daktari James McCune Smith. Alizaliwa mtumwa New York mwaka 1813. Vyuo vya Marekani vilimkataa kwa sababu ya rangi yake, akavuka bahari, na mwaka 1837 akapata udaktari hapa hapa. Jamani, si angebaki tu? Alirudi, akafungua duka la dawa, akatibu yatima weusi karibu miaka 20. Sensa ya 1840 ilipotumiwa kudai kwamba uhuru unawatia weusi wazimu, aliichambua hesabu kwa hesabu, uongo ukaonekana. Akademia ya Tiba ya New York ilimkataa 1847, ikampokea 2018. Alikuwa keshafariki tangu 1865. Siye tukihitimu, tutarudi?