Bwana Nyama na simba wa Matamula

Umeme ukikatika hosteli hapa Makumira, hachelewi mtu kuanzisha stori za mtu kugeuka mnyama. Wenzangu wa Meru wana fisi wao, walozoea filamu wana mbwa mwitu wa mbalamwezi. Mimi natoka Njombe. Kwetu ni simba, na ndani ya stori yetu yumo mzungu mmoja, George Rushby.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akajifunza ufundi umeme, akaja Afrika bado kijana. Aliwinda tembo kwa ajili ya pembe, mara nyingi bila kibali. Jangili, tuseme ukweli. Akahangaika na dhahabu kule Lupa, akalima kahawa Mbeya, mwishowe serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kulinda wanyama. Jangili kawa Bwana Nyama!

Kati ya 1932 na 1947 simba walikula watu Njombe. Hesabu inayotajwa sana ni watu 1,500 hivi. Wenyeji waliamini si simba wa kawaida, ni wa Matamula Mangera, mganga aliyevuliwa cheo, na sasa analipiza kisasi. Wengi waliogopa hata kuwataja.

Rushby aliliona jambo vingine. Serikali hiyohiyo ilikuwa imeua wanyamapori wengi kusini ili kuzuia sotoka ya ng'ombe isisambae. Simba wakakosa mawindo, wakageukia watu. Yeye na askari wake wakawafuata porini kwa miguu, wakaua 15, na vifo vikakoma. Ila kipindi hichohicho Matamula alirudishiwa cheo chake, basi watu wakajua wa kumshukuru.

Nikisoma maisha yake huwa nakwama pale kwenye sotoka. Bibi mzaa babu yangu alihama kijiji usiku na watoto wanne, kwa sababu mumewe alitajwa kuwa ana simba. Nyumba ikachomwa. Rushby anasifiwa kwa bunduki yake, sawa, lakini yale maelezo yake hayakumfikia aliyeshika kiberiti.

Babu ndiye alikuwa mdogo wa wale wanne. Likizo iliyopita nilimweleza yote, sotoka na mawindo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama huku chuoni tunakula vizuri.