Thomas Bayes, Mchungaji Aliyepima Mambo Yasiyo Hakika

Thomas Bayes alizaliwa Uingereza yapata mwaka wa 1701. Baba yake, Joshua, alikuwa mchungaji wa Wapresbiteri, yaani Wakristo waliojitenga na Kanisa la serikali. Siku zile watu kama hao hawakupewa shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Kwa hiyo kijana alisafiri mpaka Edinburgh, katika nchi ya Scotland, na mwaka wa 1719 alikuwa huko akisoma mantiki na elimu ya dini. Kisha alimsaidia baba yake London, na baadaye akawa mchungaji katika mji mdogo wa Tunbridge Wells.

Hakutafuta sifa. Mwaka wa 1736 alitoa kitabu cha hesabu, wala hakuandika jina lake juu yake. Hata hivyo wataalamu walimjua, na mwaka wa 1742 wakampokea katika Royal Society, chama kikubwa cha wanazuoni wa Uingereza.

Sasa, msomaji, sikiliza swali lililomshughulisha. Ukiambiwa ya kuwa mfuko una shanga nyeupe 3 na nyeusi 1, ukatia mkono bila kutazama, bahati ya kutoa nyeupe ni 3 katika 4. Hayo watu walikwisha kuyajua. Bayes aligeuza swali: ikiwa hujui kilichomo mfukoni, nawe umeona tu zile shanga zilizotoka, je, waweza kukadiria zilizobaki ndani? Yaani, kutoka kwa dalili turudi kwenye asili yake.

Pengine mtaona ya kuwa hayo ni mafumbo ya wenye nafasi. Basi na twende Pemba. Kichocho kimewatesa sana watoto wa kisiwa hicho, kwa maana huambukizwa katika maji ya vijito na mabwawa wanamooga. Katika miaka ya 1980 yapata nusu ya wanafunzi walikuwa nacho. Tangu hapo dawa zimekipunguza sana. Dalili yake moja ni damu katika mkojo, nayo hupimwa kwa kipande cha karatasi yenye dawa, kigeukacho rangi. Lakini damu yaweza kuwa na sababu nyingine.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Karatasi yetu yawatambua wagonjwa 9 katika kila 10, na katika kila wazima 20 yamsingizia 1. Tupime watoto 1000, nusu yao wagonjwa. Karatasi itageuka rangi kwa wagonjwa 450 na wazima 25, jumla 475. Hapo mtoto aliyeonyeshwa na karatasi karibu hakika ni mgonjwa.

Sasa tuseme ugonjwa umepungua, hata katika 1000 wagonjwa ni 20 tu. Karatasi itawaonyesha 18 kati yao. Lakini wazima ni 980, na katika hao itawasingizia 49. Jumla ni 67, na wagonjwa wa kweli ni 18, hata kidogo kuliko mmoja katika watatu! Karatasi ni ile ile, rangi ni ile ile, bali maana yake imebadilika, kwa sababu tulianza na wagonjwa wachache. Ndiyo maana afadhali mkojo uchujwe na mayai ya kichocho yatafutwe kwa hadubini, kabla ya kumwambia mzazi neno.

Njia ya kufikiri hivyo ilikuwa karibu kupotea. Bayes alikufa mwezi wa Aprili 1761, naye hakuwa amelitangaza jibu lake. Rafiki yake Richard Price, mchungaji pia, alipewa kazi ya kuangalia karatasi zake. Akaikuta ile insha, akaona thamani yake, akaitengeneza kwa bidii na kuiongezea maneno yake mwenyewe. Ikasomwa mbele ya Royal Society tarehe 23 Desemba 1763. Wachache waliijali. Mwaka wa 1774 Mfaransa Laplace alifikia kanuni iyo hiyo kwa njia yake mwenyewe, naye ndiye aliyeieneza zaidi. Lakini leo kanuni yaitwa kwa jina la Bayes.

Alizikwa London, katika makaburi ya Bunhill Fields. Price alipofariki mwaka wa 1791, naye alizikwa huko huko.