ALIYEMPA PETER PAN SAUTI YAKE ALIZIKWA BILA YA JINA

MARA nyingi mtu akitazama filamu za katuni husahau kwamba viumbe wale wa kuchorwa hawana ulimi. Bata akigomba, sungura akinena, au mtoto akiruka angani huku akicheka, kuna mtu mahali fulani aliyesimama mbele ya kipaza sauti akamwazima sauti yake. Watu hao aghalabu hawajulikani kwa sura. Leo twamkumbuka mmoja wao, ambaye sauti yake ya utotoni ingali yasikika majumbani mwa watu ulimwenguni kote, lakini alipofariki mwaka wa 1968 hakupatikana hata mtu mmoja wa kumtambua.

Jina lake lilikuwa Robert Cletus Driscoll, na wapenda senema walimjua kwa jina la Bobby. Alizaliwa tarehe 3 Machi, 1937, katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa huko Marekani, naye alikuwa mtoto wa pekee. Babake alikuwa muuzaji wa vifaa vya kuzuia joto na baridi katika nyumba. Mamake aliwahi kuwa mwalimu. Baba huyo alipata maradhi ya mapafu kwa ajili ya asbesto aliyokuwa akiishika kazini, na daktari akamshauri ahamie California. Hivyo ndivyo watu hawa watatu walivyojikuta Los Angeles mwaka wa 1943. Walichofuata huko ni afya. Mambo ya senema hayakuwamo katika hesabu zao.

Basi ikawa kinyozi mmoja, baada ya kumwona mtoto yule mchangamfu, akawashawishi wazazi wampeleke kujaribiwa katika kampuni ya MGM. Yasimuliwa kwamba Bobby alipokuwa akitembezwa ndani ya uwanja wa kampuni aliona merikebu ya bandia, akauliza maji yake yako wapi. Swali lile likampendeza mwongozaji wa filamu, na mtoto akachukuliwa. Sehemu aliyopewa katika filamu ya Lost Angel ilikuwa ndogo mno, lakini ilitosha. Muda si mrefu kampuni nyingine zikawa zamtaka.

Walt Disney alikuwa miongoni mwa waliomtaka. Mpaka wakati ule Disney alikuwa bwana wa michoro, na wachezaji wake walikuwa panya na bata wa wino. Bobby na msichana aitwaye Luana Patten ndio wachezaji wa kwanza, watu wenye damu na nyama, kuandikiwa mkataba naye. Mwaka wa 1946 walitokea pamoja katika Song of the South, filamu iliyochanganya watu na katuni. Ndani yake mzee mmoja mweusi, Mjomba Remus, amsimulia mtoto hadithi za Sungura mjanja. Msomaji wa hapa kwetu akizisikia hadithi hizo atamjua Sungura wake mara moja, kwani asili yake ni ngano ambazo watumwa wa Kiafrika walivuka nazo bahari. Filamu yenyewe ilishutumiwa, na kwa haki, kwa kuonyesha mashamba ya mabwana weupe kama kwamba yalikuwa mahali pa raha kwa mtu mweusi. Mchezaji wa Mjomba Remus, James Baskett, hata hakuweza kuhudhuria maonyesho ya kwanza mjini Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi wa rangi. Hayo Bobby, mtoto wa miaka 9, hakuyatunga yeye. Yeye aliambiwa asimame wapi na aseme nini, akafanya vizuri kuliko watu wazima wengi.

Aliazimwa kwa kampuni ya RKO akacheza The Window, filamu iliyotoka mwaka wa 1949, habari ya mtoto aliyezoea kusema uwongo ambaye usiku mmoja aona mtu akiuawa, na kila akieleza hapana amwaminiye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora kabisa ya kuonekana kwa sura. Kwa filamu hiyo na nyingine ya Disney iitwayo So Dear to My Heart alitunukiwa zawadi maalumu ya Oscar ya watoto mwezi wa Machi, 1950: kisanamu kidogo kilichotengenezwa kwa kimo cha mikono ya mtoto. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Baadaye mwaka uo huo ilitoka Treasure Island, ambamo alicheza kijana Jim Hawkins pamoja na Robert Newton aliyekuwa haramia Long John Silver. Filamu hii ilipigwa Uingereza, na huko kulizuka mambo. Ikagunduliwa kuwa mtoto hana kibali halali cha kufanya kazi nchini humo. Faini ikatozwa, akaamriwa aondoke. Kwa muda mfupi alioruhusiwa kubaki ili kukata rufani, mwongozaji alikimbilia kupiga picha zote za uso wake, na sehemu nyingine zikamaliziwa bila yeye. Ukiitazama filamu ile hutadhani kuwa kulikuwa na haraka yoyote.

KUMTIA KATUNI ROHO

Kazi iliyombakisha hai ni ya Peter Pan. Mchezo huu wa mwandishi wa Kiskoti J. M. Barrie ulianza kuonyeshwa London mwaka wa 1904, nao ni habari za mvulana akataaye kukua. Huishi katika kisiwa cha mbali, huruka bila ya mbawa, hupigana na maharamia, na mwaka baada ya mwaka hubaki mtoto yule yule. Jambo la ajabu ni kwamba katika majumba ya michezo ilikuwa desturi mvulana huyo kuchezwa na mwanamke. Hata filamu ya kimya ya mwaka wa 1924 ilimtumia msichana. Disney aliazimia kwamba safari hii Peter atakuwa mvulana kweli, akamchagua Bobby.

Yafaa msomaji ajue kazi hii ilivyokuwa ikifanywa, maana wengi hudhani kwamba picha huchorwa kwanza na sauti hutiwa baadaye. Mambo ni kinyume. Mtoa sauti ndiye atanguliaye. Husimama ndani ya chumba kisichoingia kelele akasema maneno yake, tena na tena, mpaka wakuu waridhike. Hapo wachoraji huichukua sauti ile, huisikiliza silabi moja moja, kisha huchora mdomo ufunguke pale sauti ifungukapo. Pumzi ikikatika, kifua cha katuni nacho chatakiwa kishuke. Kila sekunde moja picha 24 hupita mbele ya taa, na Peter Pan ni filamu ya dakika 77. Ukipiga hesabu utapata picha zaidi ya laki moja. Sauti ndiyo kamba ya kuzifunga zote.

Bobby hakutoa sauti tu. Wachoraji walimtaka pia aigize mbele ya kamera ili wautazame uso wake: jinsi anavyoinua nyusi akijivuna, anavyokunja uso akiudhika. Mcheza dansi mmoja, Roland Dupree, aliigiza yale ya kuruka. Mchoraji mkubwa Milt Kahl alikuwa na jukumu la kumchora Peter. Ukitazama picha ya Bobby ya siku zile, kisha umtazame Peter, utaona kuwa katuni ilichukua mengi kutoka kwa mtoto huyu. Wendy, yule msichana wa katika hadithi, alipewa sauti na Kathryn Beaumont, mtoto wa Kiingereza ambaye alikuwa amekwisha kumpa sauti Alice katika Alice in Wonderland.

Filamu ilitoka tarehe 5 Februari, 1953. Ilipendwa sana. Bobby alikuwa amebakisha siku chache tu kutimiza miaka 16.

Wiki chache baadaye kampuni ikaufuta mkataba wake, ingawa ulikuwa umekusudiwa kuendelea mpaka mwaka wa 1956. Sababu itajwayo mara nyingi ni chunusi zilizoujaa uso wake alipobaleghe, hata ikawa hapigwi picha bila ya kupakwa rangi nzito. Sababu ya kweli ni pana kuliko chunusi. Mtoto alikuwa amekua. Sauti yake haikuwa tena ya mtoto, na aliyetakiwa alikuwa mtoto. Yule Peter wa wino hapati chunusi, wala sauti yake haiwi nzito, wala hadai mshahara mwisho wa mwezi.

Wazazi wake wakamtoa katika shule ya watoto wa senema wakampeleka shule ya kawaida. Huko wanafunzi walimcheka na kumdhihaki kwa ajili ya filamu zile zile alizopata sifa kwazo. Masomo yakazorota, akaanza kuonja madawa ya kulevya. Aliomba arudishwe shule ya kwanza, akarudishwa, na akamaliza mwaka wa 1955, lakini madawa aliondoka nayo.

Siku hizo California ilikuwa na sheria ya tangu 1939 ya kuwalinda watoto wa senema. Ilitungwa kwa sababu ya Jackie Coogan, yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin, ambaye alipokua alikuta mamilioni aliyochuma yamekwisha kutumiwa na mamake na babake wa kambo. Sheria hiyo ilihusu fedha. Hapakuwa na sheria ya kumwandaa mtoto kwa siku ambayo simu itakoma kulia. Wala si kusema kwamba kila mtoto wa namna hii huangamia. Kathryn Beaumont, aliyesimama naye mbele ya kipaza sauti kile kile, aliyaacha mambo ya senema, akasoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi na kuishi maisha ya utulivu.

JINA LABADILIKA

Bobby hakuwa tayari kuacha. Alijaribu kulitupa jina la utotoni akajiita Robert Driscoll, akitumai wakuu wa filamu watamwona mtu mzima. Alipata sehemu ndogo ndogo katika televisheni, akacheza katika The Scarlet Coat mwaka wa 1955, na The Party Crashers mwaka wa 1958 ikawa filamu yake kubwa ya mwisho. Wakati huo alikuwa ameoa, na watoto watatu walizaliwa, lakini ndoa ikavunjika. Mwaka wa 1956 alikuwa amekwisha kukamatwa kwa bangi, ingawa kesi ile ilifutwa. Baada ya bangi ikaja heroini, ule unga ambao sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa habari zake. Mwaka wa 1961 alihukumiwa kama mtumwa wa madawa akapelekwa Chino, gereza la California lenye mahali pa kuwatibu watu wa namna yake. Mwaka uliofuata alifunguliwa. Kazi ya filamu hakupata tena.

Amri ya kuwa chini ya uangalizi ilipokwisha, alikwenda New York mwaka wa 1965 akitarajia kucheza katika majumba ya michezo ya Broadway. Hayakumfungulia milango. Akaingia katika kundi la wasanii waliomzunguka Andy Warhol, akawa anabandika vipande vya karatasi na picha na kuvifanya kazi za sanaa, na baadhi ya kazi hizo wajuzi walizisifu. Alitokea pia katika filamu moja ndogo iitwayo Dirt, ambayo watazamaji wa Peter Pan hawakuwahi kuisikia. Kisha akaachana na kundi lile, fedha zikiwa zimemwishia, akapotea mitaani.

Tarehe 30 Machi, 1968, watoto wawili wa kiume walikuwa wakicheza ndani ya jumba lililohamwa katika mtaa wa East Village. Wakamkuta mtu amelala juu ya kitanda cha turubai, kumbe amekufa. Kando yake palikuwa na chupa mbili tupu za bia na vijitabu vya dini. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha yeye ni nani. Polisi walipitisha picha ya maiti mtaani, wakaulizwa majirani, hapana aliyemjua. Madaktari waliona kwamba moyo ulisimama kwa sababu mishipa ya damu iliharibika kama ya mzee, naye alikuwa na umri wa miaka 31. Akapelekwa Hart Island, kisiwa ambacho mji wa New York umekuwa ukizika maskini na wasio na wenyewe tangu mwaka wa 1869. Kwa miaka mingi waliochimba makaburi huko walikuwa wafungwa. Watu zaidi ya milioni moja wamelazwa katika kisiwa hicho, jeneza juu ya jeneza. Msomaji ajua uzito wa jambo hili, mtu kutiwa kaburini pasiwe na hata jamaa mmoja wa kushika udongo.

Kule California wazazi hawakuwa na habari. Mwishoni mwa mwaka wa 1969 babake alikuwa karibu na kufa, na mamake akataka mwana aonane na babake kabla ya kutengana. Akaomba msaada, hata kwa kampuni ya Disney, mwanawe atafutwe. Utafutaji ule ukafika kwa polisi wa New York. Alama za vidole zikalinganishwa na za maiti yule asiyejulikana, zikaafikiana. Alikuwa amezikwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Jamaa hawakuitangaza habari hiyo. Watu kwa jumla waliijua tu pale Song of the South ilipoonyeshwa upya mwaka wa 1972 na waandishi wakaulizia yule mtoto wa filamu yuko wapi. Miaka yote hiyo ya katikati, Peter Pan ilikuwa ikirudishwa katika majumba ya senema, na watoto wakiisikia sauti yake wakicheka.

Mwili wake haukuhamishwa. Ungali Hart Island. Jina lake limechongwa mjini Oceanside, California, juu ya jiwe la kaburi la babake.